Bahari ya Sebuleni Kwetu Nyegezi

Umeme ukikatika, watu wengine hutafuta tochi. Mimi husimama pale nilipo nikasikiliza mapovu. Nyumbani kwangu hakuna tangi la samaki na halijawahi kuwepo, lakini friji ikikata mngurumo ghafla masikio yangu huanza kuyatafuta kabla kichwa hakijajua kuna nini. Mume wangu amekwishazoea. Hunitania gizani, "Vipi, samaki wazima?" Namjibu wazima, tunacheka, ila mimi kicheko hicho hakinitoki vizuri. Mtanisamehe mnaosoma. Ule ukimya unaofuata umeme kukatika nimeuogopa tangu nikiwa na miaka kumi na moja, na si kwa sababu ya giza.

Tulikuwa tunakaa Nyegezi, kwenye nyumba ya bati iliyobanwa na mawe makubwa upande wa nyuma, mbele ikitazama barabara na, kwa mbali, kipande cha ziwa. Upepo ukitoka ziwani ulikuja na harufu ya dagaa wanaoanikwa, nasi tulikuwa tumeizoea kiasi kwamba hatukuihesabu kuwa harufu. Samaki walikuwa kila mahali. Walikuwa kwenye ndoo, kwenye vikaango vya mapanki, yale mabaki ya sangara, kando ya njia, kwenye baiskeli za wachuuzi, kwenye malori yaliyokimbilia viwandani kabla barafu haijayeyuka. Katika mji wa namna hiyo, baba yangu ndiye mtu pekee niliyemjua aliyefuga samaki ndani ya nyumba, tena samaki wa maji ya chumvi.

Kazi yake ilikuwa kupima maziwa. Alipokuwa kijana aliajiriwa kwenye kiwanda cha maziwa kule Tanga, na huko, yeye mtoto wa Nansio, kule kisiwani, aliyekulia kwenye maji baridi ya ziwa, akapendana na bahari. Jirani yake, mwalimu mmoja mstaafu, alikuwa na tangi la kioo lenye mawe ya matumbawe na samaki wa rangi ambazo Baba alidhani ni za vitenge tu. Akamfundisha. Baba naye akatengeneza la kwake, akalitunza hadi alipohamishiwa Mwanza. Hapo akaligawa, akapanda basi, akamwoa Mama, wakanizaa mimi, na habari ya bahari ikaishia hapo. Mimi sikuwahi kuisikia.

Kisha nchi ikafunguka. Ilikuwa ruksa kuuza, ruksa kununua, na maduka ya mjini yaliyokuwa yakituonyesha rafu tupu na magwanji, zile sabuni za kienyeji, yakajaa redio, vyombo vya plastiki na vitu ambavyo hata muuzaji hakujua ni vya nini. Upande mwingine wa ufunguzi huo, kiwanda alichofanyia kazi Baba kikafungwa ili kitafutiwe mwenye mtaji. Watu wakapigwa redandansi. Baba alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akiwa na mfuko wa karatasi. Ndani yake mlikuwa na koti lake jeupe na kipima maziwa, kile kijiti cha kioo chenye tumbo lililojazwa risasi ndogondogo chini. Ukikitumbukiza kwenye maziwa kinaelea wima, na alama iliyo usawa wa maziwa inakuambia kama mwenye ng'ombe ameongeza maji. Alikiviringisha kwenye soksi, akakiweka juu ya kabati. Kisha akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha.

Kile kiti nakichukia mpaka leo. Baba hakuwa mlevi, wala hakutupigia kelele. Alinyamaza. Ukimwamkia "Shikamoo Baba" aliitikia "Marahaba" kwa sauti ndogo, basi, hiyo ndiyo sehemu yako ya siku. Alitazama yale mawe kama vile yangeondoka asipoyaangalia. Mama akaanza kuuza chai na maandazi kwenye lango la kiwanda cha minofu ya sangara, akawa anaondoka jua linachomoza na kurudi akiwa amevimba miguu, naye alizungumza kwa ajili ya watu wawili. Mimi nilirudi shuleni nikiomba njia nzima nikute kiti kitupu. Nilidhani, kwa akili yangu ya wakati ule, kwamba mtu akinyamaza sana hatimaye husahau kurudi.

Kiti kilibaki tupu siku aliyokwenda mjini kutafuta balbu na kukutana na pampu ya hewa. Ilikuwa kwenye kabati la kioo la duka moja, katikati ya pasi na vikausha nywele. Muuzaji alimwambia ni ya kupulizia puto. Baba alirudi nayo mfukoni, akaichomeka, akatia mrija wake kwenye ndoo ya maji ya kuogea, na mapovu yakaanza kupanda. Alichuchumaa pale, akaanza kunieleza Tanga. Alinieleza hadi giza likaingia. Nilikuwa sijamsikia akisema maneno mengi kiasi kile tangu kiwanda kifungwe, na nilijibana mkojo nisije nikamkatiza.

Tangi alilitengeneza na fundi vioo, likawekwa sebuleni juu ya meza iliyoongezwa miguu. Bahari yenyewe ilikuja kwa treni. Mdogo wake Baba, Baba mdogo Majura, alikuwa mhudumu wa mabehewa, akawa kila safari anashuka Mwanza na madumu ya maji kutoka Dar es Salaam. Mara ya kwanza walimsimamisha stesheni, maana nani aliyewahi kusikia mtu analeta maji Mwanza? Waliyafungua wakijua ni gongo. Askari mmoja alionja, akatema, akamwambia, "Wewe bwana si mzima, pita." Mawe ya matumbawe yalikuja na tawi moja la tumbawe lililo hai, rangi ya zambarau. Na katika yale maboksi meupe mepesi ambayo viwanda vyetu vilipakia minofu ya sangara kwenda ng'ambo, siku moja wakaja samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda meupe, pamoja na kiumbe laini chenye vidole vingi ambacho Baba alikiita ua la bahari. Wale samaki walilala ndani ya vidole vyake. Nikawapa majina, Bwana Harusi na Bibi Harusi.

Jirani zetu walikuja kuangalia. Swali lao lilikuwa moja, "Wanakua mpaka kuliwa?" Baba aliwapa kijiko waonje maji, wakakunja nyuso, wakacheka, wakaondoka wakisema mzee amepata ugonjwa wa kizungu. Hakujali. Alikuwa anazungumza. Alikitoa kipima maziwa kwenye soksi, akakitia kwenye chupa ndefu ya maji ya Dar, akapaka alama ya rangi nyekundu pale kilipokatwa na maji. Rangi ilikuwa ya kucha, ya Mama. Kila jioni alichota maji ya tangi kwenye chupa ile, akakitumbukiza, akaangalia kama ile alama nyekundu imekaa usawa wa maji. Chumvi ikizidi, alama inapanda juu. Ikipungua, inazama. Ndiyo kazi aliyoijua, ila sasa ng'ombe wake alikuwa bahari.

Jambo moja alinifundisha mimi peke yangu, kwa sababu ndimi niliyekuwepo. Maji ya tangi yalikuwa yakipungua kila siku kwa joto, na nilidhani tutayaongeza kwa yale ya dumu. Alichukua kisufuria, akatia maji yenye chumvi, akayachemsha mpaka yakakauka, akanionyesha unga mweupe uliobaki. "Maji yanapaa, Kabula. Chumvi haipai." Kwa hiyo tulijaza kwa maji ya mvua matupu, kutoka kwenye pipa la nje, hadi kwenye mstari aliouchora kwenye kioo. Siku hiyo Mama alikuwa langoni anauza maandazi.

Mama na lile tangi hawakuamkiana. Aliifuta vumbi meza yake bila kulitazama. "Ziwa lote hilo limejaa samaki," alimwambia Baba mara moja, "wewe unaagiza wako kwa treni." Baba alicheka, Mama hakucheka. Mimi nilimwona kama adui aliyekubali kuishi nasi.

Sasa mnajua kilichokuwa hatarini. Wengine wangesema ni samaki wawili wa kidole kimoja kimoja. Mimi nilijua ni sauti ya Baba. Niliamini kabisa kwamba siku Bwana Harusi na mkewe watakapokufa, Baba atarudi kwenye kile kiti, na safari hiyo hakuna pampu itakayomtoa.

Asubuhi moja akaja mtu kutoka Nansio na habari ya msiba. Baba yake mkubwa, aliyemlea, alikuwa amefariki. Baba alivaa koti huku akiniagiza: maji ya mvua hadi kwenye mstari, chakula kidogo asubuhi, na umeme ukikatika nichote maji kwa kopo niyamimine kutoka juu yapate hewa, nisichoke. Kipima maziwa nisikiguse, kingenivunjikia. "Keshokutwa nipo," akasema, akakimbilia meli.

Keshokutwa ikaja bila yeye. Wachuuzi waliovuka kwa mitumbwi walituletea habari kwamba meli imeharibika ikiwa Nansio, watu wamejaa gatini wanasubiri spea, na Baba anatusalimu. Siku hiyohiyo redio ikatangaza mgao wa umeme. Na siku hiyohiyo, nilipotoka shule, nikaona ua la bahari limejikunja.

Mtu ambaye hajaliona lile ua likiwa limechanua hawezi kujua ubaya wa kuliona limenywea. Lilikuwa kama soksi iliyolowa. Wale samaki walikuwa wamelihama, wanaelea karibu na uso wa maji, midomo inafunguka na kufungika haraka. Nikachungulia mstari, maji yalikuwa yamepungua kidogo, nikaongeza ya mvua kwa uangalifu wote. Nikasubiri. Hakuna kilichobadilika. Kesho yake lile tawi la tumbawe la zambarau lilianza kuwa jeupe kwenye ncha.

Umeme ulikuwa ukikatika mchana na kurudi jioni. Pampu ikinyamaza nilipanda kigoda nikachota na kumimina, nikachota na kumimina, mpaka mabega yakawaka. Sikwenda shule. Mama alirudi akanikuta nimelowa hadi kiunoni, akasimama mlangoni na beseni lake tupu. Nilitegemea anifokee. Alisema, "Bado wanahema hivyo?" Kisha akaingia jikoni. Nilishangaa alijuaje kwamba walikuwa wakihema hivyo, maana hakuwahi kuwatazama.

Ndipo nilipoanza kumshuku. Kumshuku mama yako ni jambo baya sana, linakuharibia hata ladha ya chakula alichokupikia. Nilikuwa nimekuta chembe nyeupe kwenye ukingo wa kioo, ngumu, za kung'aa. Nilizionja. Nikajiambia ni maji yaliyoruka yakakauka, lakini yakikauka huwa unga, hayawi punje. Nikaenda jikoni nikafungua mfuko wa chumvi ya mawe, ile aliyonunua kwa ajili ya mapishi yake ya langoni. Ulikuwa umepungua kupita kiasi, na maandazi, mnajua wenyewe, hayali chumvi hivyo.

Nikapanda kigoda, nikashusha ile soksi kutoka juu ya kabati. Nilikaa chini kwanza, sakafuni, ili kikidondoka kisidondokee mbali. Nikachota maji ya tangi kwenye chupa ndefu, nikakitumbukiza kipima maziwa. Kilizama, kikaibuka, kikatulia. Alama nyekundu ilikuwa juu, imetoka kabisa nje ya maji, juu kuliko nilivyowahi kuiona.

Jioni ile tulikula ugali na sato tukitazamana kama watu wawili walioibiana. Kulipopambazuka niliamka kabla Mama hajaniita, nikajibanza nyuma ya pazia la sebuleni. Mama alitoka jikoni amejifunga khanga ya kazi, mkono wa kulia umefumbata kitu. Alisimama mbele ya tangi. Kwa muda aliwatazama wale samaki, ameinamia kioo, pua karibu inakigusa. Kisha akaufungua mkono juu ya maji na chumvi ikaanguka.

Nilipiga kelele. Nilimwambia neno ambalo mtoto hamwambii mama yake. Nilimwambia, "Muuaji!"

Mama aligeuka. Nilitegemea kofi, na ningelipokea. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyefumaniwa akifanya jambo la aibu, na sauti yake ilipotoka ilikuwa na hasira iliyojaa machozi.

"Muuaji mimi? Mimi? Mayo wane, mama yangu wee! Mimi nawaongezea bahari! Wewe ndiye kila siku nakuona unawamwagia maji ya mvua, ndoo na ndoo, baba yako akigeuka kidogo tu, hata aibu huoni. Bahari ya watu unaizimua! Nikasema huyu mtoto hajui, ngoja nirudishie chumvi kimyakimya, baba yake asije akakuta ziwa humu ndani."

Yeye alikuwa ananichunga mimi. Kwa siku zote zile, kila mmoja wetu alikuwa akimwona mwenzake ndiye anayeua.

"Kila walivyozidi kuhema," akaendelea, "nami nilizidisha. Nilijua bahari imewaishia."

"Mama," nikasema, "chumvi haipai."

Hakunielewa. Nikamwambia habari ya kisufuria. Nilikuwa nalia na kueleza kwa pamoja, na sidhani nilieleza vizuri, lakini Mama alikuwa mpishi. Aliangalia maji, akaangalia mkono wake. Nilimwona akielewa. Alijua mchuzi ukisahauliwa motoni unavyokuwa, maji yanaondoka na chumvi inabaki kwenye kile kidogo kilichobaki, na aliyekuwa akiongeza chumvi juu ya hiyo alikuwa yeye. Akajikalisha kwenye kile kiti cha Baba, karibu na dirisha.

"Nimewapika," akasema.

Sikuvumilia kumwona kwenye kiti kile. Nikamvuta mkono, nikamwambia tunaweza kupunguza, tutoe maji yake tutie ya mvua, ila polepole, maana Baba alisema samaki akibadilishiwa maji ghafla hushtuka akafa. Polepole kiasi gani sikujua. Mama ndiye aliyeamua. "Jagi moja," akasema, "tungoje chai ichemke na kupoa, tutie jingine. Kama unavyomrudishia mtu mwenye homa uji."

Siku ile wafanyakazi wa kiwanda cha minofu walikosa chai. Nilikuwa nachota, Mama anamimina kwa kukinga na kiganja ili maji yasidondoke kwa nguvu. Kila baada ya majagi kadhaa nilitumbukiza kipima maziwa, naye aliinama kuangalia. Alama ilishuka unywele, tena unywele. Bibi Harusi alikuwa amelala ubavu kwenye mchanga, ncha za mapezi zikitikisika tu kama mtu anayeota. Kabla ya adhuhuri umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza, na tukatazamana.

Tulimimina kwa zamu. Alipochoka yeye nilipanda mimi, niliposhuka yeye alipanda, kigoda kikilia chini ya uzito wake. Nje watoto walikuwa wakicheza kombolela kwenye mawe na sauti zao zilionekana kutoka nchi nyingine. Nilimuuliza, kwa sababu sikuweza tena kutomuuliza, kwa nini alijisumbua na vitu asivyovipenda. Alimimina kopo moja, la pili.

"Vitu vyenyewe sivipendi mpaka leo," akasema. "Lakini nikiwa jikoni namsikia anazungumza navyo. Na akizungumza navyo anaendelea, anazungumza nami. Wewe ulidhani kile kiti kinakuogopesha wewe peke yako?"

Nilimkumbatia miguu pale juu ya kigoda, karibu nimwangushe, akanifokea, na sijawahi kufurahi kufokewa kama siku ile.

Umeme ulirudi jua likielekea kuzama. Pampu ilikohoa, mapovu yakapanda. Alama nyekundu ilikuwa bado juu kidogo ya maji, tukaacha hivyo tumalizie kesho, samaki wapumzike. Kesho yake Bibi Harusi alikuwa wima. Alikuwa amepauka na hakutaka kula, lakini alikuwa wima, na mumewe akizunguka karibu naye. Ua la bahari lilitoa vidole vichache, likavirudisha, likavitoa tena. Lile tawi la zambarau halikurudi. Lilibaki jeupe kama mfupa.

Baba alifika siku meli ilipopona, amepungua, ana harufu ya moshi wa msibani. Alitusalimu kwa mkono, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Mama akakimbilia jikoni na kuanza kuosha sufuria zilizokuwa safi. Nilisimama nyuma ya Baba nikimtazama shingoni. Aliliona tawi. Aliliangalia muda mrefu mno, na nilihisi ule ukimya ukirudi, unapanda miguuni mwangu kama maji ya baridi. Kisha akashusha soksi, akachota, akapima. Alama nyekundu ilikaa palepale usawa wa maji. Akageuka, akatazama upande wa jikoni ambako sufuria zilikuwa zinalia, akanitazama na mimi.

"Mmewatunza," akasema. Tena akasema kwa nguvu, ili isikike mbali, "Mmewatunza sana!" Akaanza kunieleza habari za Nansio, na meli, na spea iliyoletwa siyo. Alizungumza mpaka chakula kikaiva. Ya chumvi Mama hakuyasema, nami sikuyasema. Nilijua ni siri yetu wanawake.

Lile tangi lilidumu nasi miaka kadhaa, hadi Baba mdogo Majura alipoacha kazi ya treni na bahari ikakosa njia ya kuja. Baba aliligawa tena, safari hii bila kunyamaza, maana alikuwa ameshapata kibanda chake cha kukusanya maziwa. Tuliendelea na maisha.

Mwaka jana nilikwenda kuwatembelea. Sasa wanakaa Kiseke. Baba amezeeka, ana presha, na kwenye dirisha la sebule ameweka kile kipima maziwa ndani ya glasi, kama watu wengine wanavyoweka maua. Rangi ya kucha bado ipo. Mama alikuwa jikoni. Nikaona umri umetosha, nikamsimulia Baba yote, chumvi, jagi, kile kilio changu cha asubuhi. Nilitegemea ashangae.

"Alianza zamani," Baba akasema. "Tangu mvua za kwanza, kabla ya msiba ule. Nilipima jioni moja nikaona alama imepanda. Nikasema nimekosea. Kesho yake imepanda tena. Siku ya tatu nikaamka mapema nikamwona."

"Ulimwona? Ukafanya nini?"

"Nilirudi kulala. Jioni nikatoa maji kidogo, nikatia ya mvua. Nikawa nafanya hivyo kila siku. Nilipokwenda Nansio nilijua siku mbili si kitu. Meli ndiyo iliyoniponza."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia, neno moja tu, angetuokoa na yale yote. Alinitazama kwa huruma, kama ninavyowatazama wanangu wanaponiuliza jambo lililo wazi.

"Ningemwambia, angeacha," akasema. "Mama yako alikuwa hanisemeshi habari ya lile tangi. Alikuwa amechoka, miguu imevimba, ana haki. Lakini kila jioni nikitia kijiti changu, alama imepanda. Siku nyingine imepanda kidogo, siku nyingine sana. Nikawa najua ameamkaje." Akakigusa kile kijiti ndani ya glasi, kikacheza. "Niliporudi kutoka Nansio ikawa haipandi tena. Nikajua umemwambia. Nilifurahi kwa ajili ya samaki. Lakini nilikaa jioni nyingi nikipima tu, nione."

Utoto wangu wote nilidhani ukimya wa mtu yule ni shimo, na kazi yetu ni kumzuia asitumbukie. Sikujua kwamba kulikuwa na ukimya wake mwingine, uliokuwa ukiamka kila jioni na jagi la maji ya mvua.

Mama akaingia na sahani. Siku hizi, kwa ajili ya presha, humpikia Baba chakula kisicho na chumvi hata punje. Nilionja yangu iliyochotwa kwenye sufuria hiyohiyo, nikameza kwa taabu. Baba aliinama juu ya sahani yake, akala taratibu, akaifuta kwa tonge la mwisho.

"Leo umepatia," akamwambia.

Mama akasema, "Kila siku unasema hivyo," akachukua sahani, akarudi jikoni. Nikamsikia anaziosha sufuria.